Daktari Alitaka Kuulizwa

Gilasi ya maji iliwekwa mbele ya Daktari, na ukumbi mzima ukaikodolea macho. Mhudumu aliyeileta hakuwa na nia mbaya. Kila shahidi aliyepanda pale alimletea ya kwake. Lakini kutoka safu za nyuma, walikokaa wazazi na wajane, sauti ya mwanamke ilipasuka: "Na ainywe! Kama ni ya bomba ainywe, tuone!" Watu wakaguna. Mwenyekiti wa tume, jaji mstaafu mwenye nyusi nyeupe, akagonga meza kwa kifundo cha kidole. Daktari akaisogeza gilasi kando, polepole, kama mtu anayempisha mgeni njia, kisha akaweka mikono yake mapajani akasubiri.

Kwenye meza ya kushoto Wakili wa Ikulu aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Alimjua yule mzee tangu alipokuwa msichana. Mzee huyo alikuwa rafiki wa marehemu baba yake, mtu wa kuingia nyumbani kwao akibisha hodi huku ameshavua viatu, na kufunua sufuria jikoni kuona kilichopikwa. Sasa alikuwa mshauri wa Rais katika mambo ya afya, naye Wakili alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba mshauri huyo hasemi alichomshauri Rais.

Kila mtu mle ndani alijua kisa kilivyoanza. Mitambo ya kutia dawa kwenye maji ya mji ilikuwa imekufa, maji machafu yakapenya kwenye bomba kuu, na maabara ikagundua. Ilikuwa wiki ya mkutano wa wakuu wa nchi. Barabara zilikuwa zimepakwa rangi, hoteli zimefurika, bendera zinapepea mpaka kwenye mapaa ya maduka. Alhamisi, Ikulu ikapata habari ya maji. Jumatatu, ndege ya mgeni wa mwisho ikiwa imeshapaa, redio ikatangaza kwamba maji yachemshwe. Kati ya siku hizo mbili mji ulikunywa, ukapika, ukaogesha watoto wake, na kipindupindu kikapita nyumba kwa nyumba kama mtu aliyepewa anwani.

Tume ilitaka kujua jambo moja. Alhamisi ile, katika chumba kile, nani alisema nini?

"Daktari," Mwenyekiti alianza, "siku hiyo uliitwa mbele ya Rais. Ulimshauri nini?"

Daktari alifumbua kinywa. Wakili akawa ameshasimama.

"Napinga, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ushauri anaopewa Rais na wasaidizi wake unalindwa na kinga ya usiri. Kinga hiyo ni ya Rais mwenyewe, si ya shahidi, na Rais hajaiondoa. Shahidi hana ruhusa ya kujibu."

"Basi nimwulize hivi. Kulikuwa na yeyote aliyesema wananchi waambiwe siku ileile?"

"Napinga, kwa sababu hiyohiyo."

"Na yeyote aliyesema wasiambiwe?"

"Napinga."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake, akaivaa tena. "Wakili, kuna swali lolote ambalo ningemwuliza shahidi huyu nawe ukabaki umeketi?"

Kicheko kikavu kilipita ukumbini. Wakili alijibu kwa adabu kwamba Mwenyekiti angeweza kumwuliza shahidi jina lake, elimu yake na miaka aliyoitumikia serikali. Akasema hivyo bila kejeli, kwani ndivyo sheria ilivyokuwa. Daktari alifunga kinywa chake. Alimtazama Wakili kutoka kule kizimbani bila hasira yoyote, na kukosekana kwa hasira ile ndiko kulikomkera Wakili njia nzima ya kurudi ofisini.

Asubuhi iliyofuata magazeti yalimpa jina: Mama Kufuli.

Mama yake, aliyekuwa akiishi naye tangu macho yake yaanze kufifia, alisomewa gazeti na jirani akacheka mpaka akapaliwa. "Mama Kufuli," alimwita Wakili aliporudi kutoka kazini, "hebu nifungulie kabati la sukari, maana umelifunga na hilo."

"Mama, daktari kakukataza sukari."

"Daktari yupi? Huyu uliyemfunga mdomo?" Kicheko kikafutika usoni. "Redioni wanamtukana, mwanangu. Wanasema alijua akanyamaza. Wanasema ameua watoto wa watu. Mimi namjua mtu yule. Alikesha na baba yako mpaka pumzi ya mwisho. Alinyamaza kweli?"

"Siruhusiwi kusema."

"Sikukuuliza kama unaruhusiwa. Nimekuuliza kama alinyamaza."

"Sijui, mama."

Siku hiyo hilo lilikuwa kweli. Hakujua, na alikuwa hajatafuta kujua. Anayelinda mlango hahitaji kuona kilichomo ndani. Pengine ni heri asione, mkono usije ukamtetemeka. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, na hakuifanya kwa unafiki. Aliiamini.

Na aliyemfundisha kuiamini alikuwa Daktari huyohuyo. Zamani, Wakili akiwa bado mgeni Ikulu, wauguzi wa nchi nzima waligoma, na Rais wa wakati ule, mtu wa hasira za karibu, alikuwa ameshaita askari wawatoe kwa marungu. Daktari aliingia akafunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyesikia alichosema, ila alipotoka amri ilikuwa imechanwa, na siku chache baadaye wauguzi walirudi wodini hakuna hata mmoja aliyeguswa. Wakili alimkuta uani akijipepea kwa kofia yake.

"Ulimwambia nini, Daktari?"

"Nilimwambia wauguzi wana haki na yeye ana kiburi."

"Ukasema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Unajua kwa nini niliweza? Kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Ningejua maneno yangu yatatoka gazetini, ningemsifu. Naye angejua, angenitimua ili asionekane mnyonge. Binti yangu, siku chumba kile kitakapokosa mlango, hakuna atakayesema kweli ndani yake."

Wakili aliyabeba maneno yale kama wengine wabebavyo hirizi. Aliyanukuu kwenye hoja zake mahakamani, ingawa bila kumtaja mwenyewe. Alipoona majaji wakitikisa vichwa kukubali, alijiambia kuwa serikali nyingi zimeponea ndani ya vyumba vilivyofungwa, na kwamba umma unaodai kujua kila kitu haujui ni mangapi mabaya uliepushwa kwa kutojua.

Daktari alimfuata ofisini wiki ile, mchana. Hakupiga simu kwanza. Aliingia na koti lake la kijivu, akaketi kwenye kiti cha wageni, akauliza hali ya mama, macho yake yanaendeleaje, anatumia ile dawa ya matone au anaitupa. Wakili akaagiza chai. Wakanywa kidogo kidogo, wote wawili wakijua kwamba hakuja kwa ajili ya macho.

"Nataka kujibu maswali ya tume," Daktari alisema mwishowe.

"Daktari, unajua siwezi."

"Najua huwezi wewe. Mwombe anayeweza. Aiondoe hiyo kinga, kwangu tu."

"Kwanza niambie ni nini utakachosema. Mimi ni wakili wa ofisi. Unaloniambia hapa linabaki hapa."

Mzee aliweka kikombe chini. Akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya maabara. Alhamisi ile alipeleka matokeo mwenyewe. Chumbani walikuwamo Rais, Waziri, Katibu wa Ikulu na yeye. Alisema: tangazeni leo hii, kila saa ina watu wake. Waziri akasema wageni wangepanda ndege wakimbie, na nchi ingeaibika mbele ya dunia. Katibu akasema siku tatu si nyingi. Rais akasema, "Tutalitazama Jumatatu."

"Basi ulisema!" Wakili alijikuta ameegemea mbele. "Ulisema waziwazi. Huna kosa."

"Sijamaliza." Daktari alitazama viganja vyake. "Alipotaja Jumatatu, nilisema 'sawa, Mheshimiwa.' Nikainama, nikatoka. Nilisema mara moja tu, mwanangu. Wakati wa wauguzi nilikuwa bado na nguvu, nilisema mpaka nikapiga meza. Safari hii nilisema mara moja nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu achemshe maji."

Nje, mtu alikuwa akikata majani kwa mashine, na mlio wake ulikuja na kwenda dirishani.

"Sitaki kusafishwa," Daktari aliendelea. "Nataka kuulizwa. Wale watu wanayo haki ya kuniuliza kwa nini sikusema mara ya pili. Wananitukana kwa jambo ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya hakuna anayelijua. Sipati usingizi kwa vyote viwili."

Wakili alitamani kumshika mkono. Badala yake akafanya lile alilolizoea, na alilifanya vizuri. Akamweleza kwamba kinga ikiondolewa leo kwa ajili ya mtu mwema, kesho itadaiwa kwa ajili ya wengine. Kwamba Rais ajaye ataogopa kuita wataalamu, na wataalamu wataogopa kuitwa. Halafu, kwa kuwa alitaka kuwa mpole, akamkumbusha: "Wewe mwenyewe uliniambia. Siku chumba kile kitakapokosa mlango, hakuna atakayesema kweli ndani yake."

Daktari akatabasamu, tabasamu la mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekariri somo lote akasahau lilikuwa la nini.

"Nilisema hivyo," alikubali. "Ila nilikuwa nazungumzia chumba ambamo kweli ilisemwa ikasikika. Hiki cha safari hii kweli ilisemwa ikazikwa humohumo. Sijui kama kinga ni ileile." Akasimama, akavaa kofia yake. "Lakini wewe ndiwe mwanasheria. Nisalimie mama. Mwambie matone ni asubuhi na jioni."

Wakili hakupeleka ombi lolote kwa Rais. Alijiambia angelipeleka baada ya Mahakama Kuu, ambako tume ilikuwa imepeleka shauri, kutoa uamuzi kuhusu kinga, ili lisionekane kama kuyumba. Na uamuzi ulichelewa, kwa sehemu kwa sababu yeye mwenyewe aliomba shauri liahirishwe, mara kwa ugonjwa wa wakili mwenzake, mara kwa nyaraka zisizokamilika. Kuahirisha nako ni kazi ya wakili. Hakuna chuo kisichoifundisha. Tume ikabaki imesimama ikingoja mahakama.

Mji haukungoja. Wagonjwa waliacha kwenda kwenye zahanati ndogo ya Daktari. Mtu aliandika MWUAJI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wake, naye akapaka chokaa mwenyewe. Mvua iliponyesha herufi zikachungulia tena. Katika msikiti wa mtaa wake na katika kanisa la jirani watu walimsalimu kwa midomo bila macho. Hakumjibu mtu. Mwandishi mmoja wa habari alimfuata sokoni na kipaza sauti, akamwambia, "Sema neno moja tu." Daktari akasema, "Nyanya hizi zimeiva kupita kiasi," akaendelea kuchagua.

Alifariki Jumapili asubuhi, akiwa ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu. Mkewe alidhani ameinama kutafuta kitu.

Mazikoni hawakujaa watu. Rais alituma shada la maua, na Katibu wa Ikulu akatuma dereva alilete. Wakili alisimama karibu na mama yake, akimshika kiwiko kwenye udongo usio sawa. Baada ya dua, mjane wa Daktari aliwapa mkono wote wawili. Alipofika kwa Wakili hakuuachia upesi.

"Simu ikilia alikuwa akisema ni wewe," alimwambia. "Kila ikilia. 'Huyo ni binti yetu, amepata jibu.'"

Mama wa Wakili, asiyeona vizuri lakini asiyepitwa na kitu, aliuvuta mkono wa mjane kwenye kifua chake na kusema, "Pole, mdogo wangu. Pole sana," mpaka watu waliokuwa nyuma yao wakaanza kusogea.

Mwezi haukuisha, Katibu wa Ikulu akamwita. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini kama ya muuza manukato, na siku hiyo alikuwa na furaha.

"Rais ameamua kuiondoa kinga," alisema. "Kwa hiari yake, kabla ya mahakama kusema lolote. Andika tamko. Liwe zuri, la mtu mkubwa: uwazi, kuheshimu haki ya umma kujua, kuwaheshimu marehemu."

Wakili alibaki amesimama. "Kwa nini sasa?"

"Kwa nini isiwe sasa? Si ndicho walichokuwa wakikililia?"

Alirudi mezani kwake akaandika. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika sentensi za kufunga, na sasa alipoambiwa afungue mkono wake ulikwenda haraka kuliko alivyotarajia. Aliandika kwamba kinga imeondolewa kwa kikao cha Alhamisi ile, na kwa yote yaliyosemwa juu ya kikao hicho, ndani ya chumba au nje yake, na mtu yeyote wa ofisi ya Rais. Maneno hayo ya mwisho hayakuhitajika. Hata leo akijiuliza kama aliyaandika makusudi, au ni kalamu iliyozoea kuzungushia kila kitu ua, hana jibu. Katibu alisoma mistari ya kwanza, akasifu lugha, akapeleka karatasi itiwe saini.

Ukumbi ulijaa kuliko siku zote tume ilipofunguliwa tena. Wa kwanza alikuwa Waziri. Aliapa, akarekebisha mikono ya shati lake, akasema kwa huzuni kwamba Alhamisi ile jioni Rais alikuwa tayari kutangaza, ila aliyekuwa mshauri wake wa afya, Mungu amrehemu, aliomba muda wa kuhakikisha vipimo. "Sisi si madaktari, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mtaalamu akikwambia subiri, utafanyaje? Tulimwamini."

"Nani mwingine alisikia hayo?"

"Katibu wa Ikulu alikuwapo."

Katibu wa Ikulu akapanda, akathibitisha neno kwa neno. Kikao kilikuwa cha dharura, hakikuandikwa muhtasari. Alimtaja marehemu kwa heshima, na akasema haikuwa desturi kumlaumu mtu asiyeweza kujitetea, lakini umma ulikuwa na haki ya kujua. Safu za nyuma ziliinama. Mwanamke mmoja alilia kimyakimya, na mwingine akasema bila kupaza sauti, "Tulijua. Tulijua ni yeye."

Wakili aliketi palepale alipoketi siku zote. Alielewa sasa kwa nini kinga ilikuwa nzito ya kutoondoleka mzee akiwa hai, na kwa nini ilikuja kuwa nyepesi kama unyoya. Na alielewa kitu kibaya zaidi, kwamba hakudanganywa na yeyote. Walimpa kazi ya kununua muda, akainunua kwa ustadi wake wote, na muda ndio uliomaliza kazi iliyobaki.

Wakati wa mapumziko Katibu alimkuta kwenye korido akajaza maji kwenye kikombe cha karatasi. "Umeona? Yamekwisha vizuri."

"Daktari aliniambia vingine."

Katibu hakushtuka. "Alikuambia wewe kama wakili wa Ikulu. Hilo ni mali yetu."

"Rais ameondoa kinga."

"Ameiondoa kwa kikao. Hajaiondoa kwa mdomo wako."

"Soma tamko," Wakili alisema. "Soma mpaka mwisho."

Aliona uso wa mtu yule ukibadilika polepole, si kwa hasira, bali kwa hesabu. Kisha Katibu akasema kwa sauti ileile laini: "Fikiria mama yako. Fikiria miaka uliyobakiza kazini. Marehemu ni marehemu, hata ukimvika taji haamki." Na kweli Wakili alifikiria. Alifikiria nyumba ya serikali waliyokaa, dirisha ambalo mama yake alikuwa amelizoea kwa kupapasa, njia ya kutoka chumbani hadi bafuni aliyoweza kuipita bila fimbo. Alifikiria pia kwamba hata sasa angeweza kuketi, na hakuna mtu duniani angejua kuwa aliketi.

Ukumbi ulipotulia alisimama, akaomba kujitoa katika uwakili wa shauri lile, na akaomba aapishwe kama shahidi.

Alieleza yote. Hakuficha lile la kusema mara moja, wala lile la kuchemsha maji nyumbani. Alijua mzee asingetaka afichiwe. Mwenyekiti alimsikiliza huku ameshika kidevu.

"Wewe mwenyewe ulikuwapo chumbani?"

"Sikuwapo."

"Marehemu aliandika haya mahali popote?"

"Sijui kama aliandika. Nadhani hapana."

"Kwa hiyo tunalo neno lako, kuhusu neno lake."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na alipokuwa hai, ameketi hapo ulipoketi wewe, nasi tukimwuliza hayahaya, ni nani aliyemzuia kutujibu?"

Wakili aliinua uso.

"Ni mimi," alisema.

Baadaye tume ingeandika katika ripoti yake kwamba ushahidi huo umepokelewa kwa tahadhari, kwa kuwa shahidi aliusikia kutoka kwa mtu asiyeweza kuhojiwa tena. Ingeandika kwamba kuna maelezo mawili yanayopingana na kwamba haikuweza kukata shauri kati yake. Baadhi ya watu wangemwamini Wakili, wengine wangesema alikuwa na kinyongo na wakubwa wake. Chama cha mawakili kingemsimamisha kwa kutoa siri ya mteja, na mama yake angejifunza upya kupapasa kuta za nyumba ndogo ya kupanga, akinung'unika kuwa bafu limewekwa mahali ambapo mtu mwenye akili asingeliweka. Ukuta wa Daktari ungepakwa rangi na majirani, asubuhi moja, bila mtu kumwambia mjane ni nani aliyetoa wazo.

Siku ile yenyewe, hata hivyo, Wakili alitoka tu ukumbini akakuta korido ndefu na watu wakiwa makundi makundi. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuna aliyemzomea. Walimpisha. Karibu na ngazi mwanamume mmoja alijitenga na wenzake akamjia. Alikuwa fundi cherehani. Sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wa shati lake, labda alizisahau. Wakili alimkumbuka kutoka safu za nyuma, mtu asiyepiga kelele.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba. Pole sana."

"Nimeshapoa." Alisita. "Samahani, nina swali. Mwenyekiti hakuliuliza."

"Uliza, ndugu yangu."

"Hicho kikao. Kilikuwa saa ngapi?"

Wakili hakuelewa.

"Alhamisi ile," fundi alisema, akizungumza polepole kama mtu anayepima kitambaa asije akakosea mkato. "Binti yangu alitoka shule adhuhuri. Kulikuwa na jua kali. Alikuja mbio kibandani kwangu akanywa kwenye bomba la pale nje, kwa viganja, nikamwambia asilowanishe sare. Sasa nataka kujua. Kama walikaa asubuhi, basi walikuwa wanajua alipokuwa anakunywa. Kama walikaa jioni, basi..." Aliinua mkono kidogo, akaushusha. "Basi ilikuwa ni kudra tu. Waziri amesema jioni. Lakini sijui kama huyo naweza kumwamini hata kwa hilo moja."

Wakili alifumbua kinywa. Alirudi kwa akili yake yote kwenye kile kiti cha wageni, kwenye koti la kijivu, kwenye vikombe vya chai na mlio wa mashine ya majani. "Alhamisi ile nilipeleka matokeo mwenyewe," mzee alikuwa amesema. Alhamisi ile. Alikuwa amemsikiliza kama wakili, akitafuta ni wapi pa kufunga. Yule mzee alikaa mbele yake amejaa majibu, naye hakumwuliza.

"Sijui," alisema. "Sikumwuliza."

"Yeye angejua."

"Angejua. Angekwambia mpaka dakika."

Fundi alitikisa kichwa, si kwa lawama. Alionekana kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeondoka, akawa hana wa kugombana naye. "Basi mama," alisema. "Nilidhani labda unajua." Akamwuliza anaelekea upande gani, kwa kuwa jua la nje lilikuwa kali naye alikuwa na mwavuli. Wakashuka ngazi pamoja, wakatoka juani, fundi akijitahidi kumwekea kivuli, na Wakili akipunguza hatua ili asimwache nyuma.